Naomba ushauri: tangi la presha la rangi kulitumia kumwagia rezini nyumbani

Mchongaji_Tabata
Wakuu, salaam. Nina tangi la presha la kupulizia rangi, lita 10, kibao chake kimeandikwa 60 psi (kipimo cha presha). Nataka kulitumia kumwagia rezini (plastiki ya maji inayoganda): vipande vya kuchonga kalamu na mipini ya visu, mabaki ya mpingo kutoka Mwenge yakishikana na rezini ya rangi. Kompresa ni ya lita 24, bar 8. Nikimwaga bila presha, rezini inakauka na viputo kibao. Tangi ni la mtumba. Nitoe nini, nizibe wapi, niongeze nini, na presha iwe kiasi gani?

Koki_na_Niple
Mkuu, kabla hujanunua niple hata moja, fungua mfuniko uangalie ndani kwa tochi. Ukikuta kutu iliyochimba vishimo, bonde la kugongwa au mahali palipochomelewa upya, hilo usilitie presha kabisa, lifanye la kuhifadhia vitambaa. Likiwa zima, 60 psi ya kibao ndiyo dari, wewe fanya kazi kwa 40. Usiidharau 40. Mfuniko wa kipenyo cha sentimita 24 kwa presha hiyo unasukumwa juu kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja na robo, na kinachouzuia ni vile vibanio tu.

Kwenye mfuniko, tundu lenye bomba refu linaloshuka hadi chini ni la kutolea rangi. Ng'oa hilo bomba, na mahali pake weka koki ya robo mzunguko iwe ya kutolea hewa. Kama kuna kikorogeo katikati, kitoe pia uzibe kwa plagi ya chuma, maana pakingi ya shafti yake huvuja polepole na kwa rangi haikuwa tatizo, kwa rezini ni tatizo.

Upande wa kuingizia hewa ndipo wengi wanapoharibu. Mpangilio uwe huu kutoka kwenye mpira: kapla (kiungo cha kuchomeka mpira), kichujio cha maji, regyuleta (kidhibiti presha), koki, halafu tii (viungo vya njia tatu) zenye geji (kipima presha) na vali ya usalama, ndipo tangi. Koki ikae kati ya regyuleta na tangi kwa sababu regyuleta nyingi za matangi haya huachia hewa irudi nyuma ukichomoa mpira. Geji na vali ya usalama lazima zibaki upande wa tangi, bila koki yoyote katikati. Ukizigeuza, siku ukifunga koki vali ya usalama itakuwa inalinda mpira wa kompresa na tangi limebaki peke yake. Vali iwe ya chuma, imeandikwa presha yake ya kufunguka; kwako chukua ya 50 psi. Zile zenye skrubu ya kurekebisha bila namba usiziguse.

Chini ya mfuniko, pale hewa inapoingilia, funga elbo (kiungo cha kona) ndogo ielekee ukutani mwa tangi. Bila hiyo hewa inashuka wima kwenye moldi (umbo la kumwagia rezini) na rezini yote inaishia pembeni.

Mchongaji_Tabata
Shukrani mkuu. Nimejaribu plagi ya duka la mabomba hapa mtaani, inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inakaza. Nikaze kwa spana ndefu?

Koki_na_Niple
Hapana! Hapo nyuzi zimepishana. Kuna viwango viwili vya nyuzi: maduka ya mabomba Dar yanauza BSP, na matangi mengi yametengenezwa kwa NPT. Kwa robo inchi na 3/8, BSP ina nyuzi 19 kwa inchi na NPT ina 18, ndiyo maana inaanza vizuri kisha inagoma. Nusu inchi ni hatari zaidi: zote zina nyuzi 14, zinaingia hadi mwisho, lakini pembe ya meno ni tofauti (55 na 60) kwa hiyo hewa inapita hata ukizungushia tepu roli nzima. Beba plagi ya zamani ya tangi uende nayo Gerezani, waulize wauzaji wa vifaa vya kompresa, si vya maji. Tepu mizunguko mitatu au minne, ukiizungushia upande ule ule plagi inapokazwa, na uache nyuzi mbili za mwanzo wazi ili vipande visiingie kwenye vali.

Mdau_Mbagala
Kwa nini ahangaike na mtumba? Achukue mtungi wa gesi uliokwisha, fundi wa kuchomelea amkatie juu amuwekee mfuniko na nati. Chuma chake kizito kuliko hilo tangi.

Spana17
Mdau, hilo hapana. Mtungi "uliokwisha" bado una mvuke wa gesi, na cheche ya grainda inatosha kuulipua. Hata ukioshwa kwa maji vizuri, uzito wa chuma si hoja. Udhaifu unahamia kwenye shingo mpya ya mfuniko na mchomeleo ambao hakuna aliyeupima. Na sufuria ya presha ya jikoni pia mtu asiitaje, ile imeundwa kwa takriban 15 psi.

Mchongaji, turudi kwenye lako. Jaribio la kwanza ni la maji, si hewa. Maji hayabanwi, kwa hiyo kitu kikiachia utaloa tu. Hewa ikiachia, mfuniko unaruka. Jaza tangi maji hadi juu pasibaki hewa, toa vali ya usalama uzibe kwa plagi kwa muda, panda hadi 60 psi kwa pampu ya mkono ya kupimia mabomba, acha nusu saa. Sindano ikishuka, tafuta tone. Mfuniko ukijikunja au kibanio kikifunguka meno, kazi imeishia hapo. Ukimaliza RUDISHA vali ya usalama kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha hewa: 40 psi, povu la sabuni kila kiungo, funga koki, chomoa mpira, acha usiku kucha. Kushuka kwa psi 1 alfajiri si lazima iwe mvujo, hewa iliyopoa hupungua presha. Ikishuka 5, inavuja.

Gasketi ya mtumba mara nyingi imevimba kwa thina na ukingo una rangi iliyokauka. Kwangua ukingo kwa plastiki, si kisu. Usipake mafuta ya mgando, yanaoza mpira. Grisi ya silikoni kidogo inatosha. Vibanio kaza kwa mkono, kimoja kisha cha mkabala wake, mzunguko mara mbili. Wakati wa kufungua: koki ya kutolea hewa iwe wazi na ibaki wazi, geji isome sifuri, ndipo uguse kibanio. Geji huganda, kwa hiyo sikiliza pia.

Bi_Kalibu
Wamesema vizuri kuhusu chuma. Niongeze upande wa rezini, maana tangi likiwa sahihi bado kazi inaharibika.

Presha haiondoi viputo. Kwa 40 psi kiputo cha milimita 1 kinabanwa hadi kama 0.65, na sehemu ya hewa yake inayeyuka ndani ya rezini. Ukifungua kabla rezini haijashika, vyote vinarudi. Kwa hiyo rezini ya poliurethani ya haraka iache ndani angalau muda wa kutolea kwenye moldi ulioandikwa na mtengenezaji, na rezini ya epoksi iache saa 12 hadi 24. Umeme ukikatika usihangaike: koki imefungwa, mpira umechomolewa, tangi halihitaji kompresa tena. Kulijaza lenyewe ni lita 28 hivi za hewa, kompresa yako ya bar 8 itashuka bar 1 na kidogo tu.

Joto la Dar ndilo adui wako. Dakika zilizoandikwa kwenye kopo ni za nyuzi joto 23 hadi 25. Chumba kikiwa na 32, rezini ya dakika 5 inakuwa ya dakika 3 au chini. Fanya zoezi kavu: weka moldi tupu, funga mfuniko, panda hadi 40, ukitazama saa ya simu. Ikizidi dakika 2, tafuta rezini ya taratibu badala ya kujifunza kukimbia.

Poliurethani ikikutana na maji inatoa kaboni dayoksaidi, inaumuka kama maandazi, na hiyo presha haiwezi kuitibu. Mwaga maji ya kompresa kabla ya kila kazi, na weka mita kadhaa za mpira kabla ya kichujio hewa ipoe kwanza. Hewa ya moto hupita kichujio na mvuke wake. Epoksi inavumilia zaidi.

Na hewa unayotoa ina mvuke wa rezini. Poliurethani ina aisosayaneti (kemikali inayodhuru mapafu), barakoa ya vumbi haifanyi kitu. Funga mpira kwenye koki ya kutolea uupeleke nje ya dirisha.

Mchongaji_Tabata
Dada, asante sana. Kuna kingine: rafiki alimwaga kwenye tangi lake, viputo vimeisha ila kipande kimetoka na vipele juu kama ngozi ya kenge. Ni nini?

Bi_Kalibu
Ni moldi, si rezini. Silikoni iliyotengenezea moldi yake ilikauka bila presha ikiwa na viputo ndani, karibu na uso. Tangi lilipopanda, viputo vile vikabonyea, rezini ikajaza mabonde, na kila bonde likawa kipele. Moldi ya kutumia kwenye tangi ikaushwe ndani ya tangi hilo hilo, kwa presha sawa au juu kidogo ya utakayomwagia: silikoni 45, rezini 40. Moldi za zamani za kumwagia nje usiziingize.

Chini ya tangi ni duara, kata ubao uliolala sawa, uupime kwa pima maji. Na usiingize chupa au kikombe kilichofungwa, kitasagika.

Kijana_wa_Keko
Mpingo nao usisahau. Ukiwa na unyevu utatoa povu pale pale mti unapokutana na rezini. Usiukaushe kwa haraka kwenye oveni, utapasuka. Weka mahali pakavu penye joto la wastani, pima kwenye mizani ya jikoni kila siku chache hadi uzito ukome kushuka, halafu funga kwenye mfuko wa nailoni mpaka dakika ya kumwaga. Ukiuacha mezani unanyonya tena. Na piga msasa mbaya uso unaoshika rezini, kisha futa kwa asetoni, mpingo una mafuta.

Mchongaji_Tabata
Nimeelewa. Kesho naenda Gerezani na plagi ya zamani. Vali ya 50 psi ikikosekana, nichukue ya 60?

Koki_na_Niple
Chukua, maana haizidi kibao. Ya 70 au 90 watakayokuambia "ni ile ile tu" iache dukani.