Pikipiki inasita nikivuta resi baada ya tyuningi

Wakuu, nimeweka silinda na pistoni kubwa zaidi, nikaweka sailensa iliyo wazi na chujio la hewa la koni, kabureta ikabadilishwa meni jeti (tundu kuu la kupitisha mafuta). Resi ikijaa inakimbia safi kabisa, ila nikivuta resi ghafla kutoka sailensi (injini ikiunguruma bila resi) inakufa kama sekunde moja hivi halafu inaruka kama imepigwa teke. Plagi inatoka nyeupe. Tatizo nini?

— Plagi nyeupe ni mafuta kidogo hewa nyingi ndugu. Meni jeti inafanya kazi resi ikiwa karibu imejaa, hapo chini ni pailoti jeti (tundu dogo la mafuta ya resi ndogo) na sindano ya kabureta (ya resi ya kati), na hao hujawagusa. Vuta choki (inayopunguza hewa) kidogo ujaribu tena, ikipungua kusita jibu umepata.

— Kabla hujanunua jeti angalia mpira wa kati ya kabureta na injini, ukiwa na ufa hata ungebadilisha jeti kumi ni bure. Injini ikiwa sailensi upulizie mpira huo kabureta klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo pembeni, mlio ukibadilika hewa inaingia hapo (usipulizie injini ikiwa ya moto sana, utaichoma pikipiki, mimi nilikaribia).

— Naongezea, shusha klipu ya sindano (kibanio kinachoishika juu) tundu moja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Moja tu kwanza!

— Asanteni sana wakuu. Mpira ulikuwa mzima, choki ilipunguza kweli, nimeweka pailoti kubwa saizi moja na klipu nimeshusha, sasa inavuta bila kusita. Plagi kahawia.