Nahitaji mama wa miaka 55+ kwa filamu fupi, kwenye usaili wamekuja mabinti tu

Kijana wa Kivukoni

Wakuu habari za jioni. Nina skripti ya filamu fupi, dakika 12, nimeandika mwenyewe na nataka kuishuti hapa Dar mwezi wa sita shule zikifungwa. Wahusika watatu tu: mama anayekaanga samaki pale soko la samaki la Feri, umri 55 kwenda 60, mjukuu wake wa kike miaka 9, na dalali wa mnadani anayemdai.

Nikatupia tangazo Instagram na kwenye magrupu ya wasanii, nikaazima ukumbi Sinza. Watu walikuja, tena wengi, ila karibu wote mabinti wa miaka ishirini na kitu, wigi mpaka kiunoni, kope za kubandika, mmoja kaniambia kabisa "bro mi nina folowaz elfu arobaini, uzee ni mekapu tu". Nikasema haya. Kila mmoja nikampa sini ile ambayo dalali anakuja kumwambia mama deni limefika mwisho. Jamani. Kila aliyeingia alilia. Analia, anajipiga kifua, anapiga magoti, anamwita Mungu, yaani dakika ya pili tu kamasi hilo. Na kwenye skripti mama hatoi hata chozi, anaendelea kugeuza vibua kwenye karai huku anamjibu dalali kwa mkato bila kumtazama.

Sasa wenye uzoefu nisaidieni, hawa kinamama watu wazima wanaojua kuigiza wanapatikana wapi? Au nimchukue tu mama mwenyewe anayekaanga pale Feri, si uhusika anao tayari? Kuna jamaa yangu ananishauri nitafute staa wa Bongo Movie hata kwa siku moja. Bajeti ni ya kuungaunga, nauli, msosi na kitu kidogo cha mkononi. Nalenga kuipeleka ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar.

Babu Jukwaa

Kijana usiwalaumu hao mabinti, wamekupa walichodhani unakitaka. Umekaa nyuma ya meza na karatasi, unamwambia "una deni, anza", unategemea nini? Wengi tumekua tukiamini anayetoa machozi haraka ndo mkali, na hilo halitaisha kwa tangazo lako moja.

Usaili ujao beba karai, kisu, kanga na samaki wa kweli, hata vibua vitatu. Mwambie apare samaki huku mnapiga stori za bei, kodi ya nyumba, chochote. Akishazoea, msaidizi wako aingie kama dalali alete habari ya deni. Wewe tazama mikono yake. Imesimama? Imeongeza kasi? Kuna mmoja nilimuona akiambiwa habari mbaya akaanza kupara samaki yule yule aliyekwisha mpara, mpaka nyama inatoka, na usoni hakuna kitu. Huyo hukuhitaji kumuuliza CV.

Halafu akimaliza, hata kama kafanya vizuri, mwambie arudie kwa namna nyingine, mfano safari hii amjibu dalali kama anamdharau. Asipobadilika hata kidogo muache, manake huko lokesheni utamwelekeza mpaka koo likauke. Rekodi wote kwa simu, ukifika nyumbani angalia bila sauti, na zaidi angalia pale anaposikiliza mwenzake. Kuongea kila mtu anaweza.

Kuhusu wapi: nenda Bagamoyo, TaSUBa. Wanafunzi ni vijana ndiyo, ila kile chuo kipo toka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, sa hesabu mwenyewe waliosoma mwanzoni wana umri gani leo. Wengine bado wako kwenye vikundi vya ngoma na maigizo. Uliza pia vikundi vinavyoigiza vijijini mambo ya malaria na ukimwi, huko kinamama hawakosekani. Na makungwi je? Mama anayeweza kushika ukumbi wa kitchen party masaa matatu bila karatasi, huyo nusu ya kazi keshaimaliza, kazi yako ni kumpunguza tu.

MamaVitumbua

Nasoma hapa nacheka peke yangu. Mi ni mwigizaji, nina miaka 54, na nipo Mbagala sijahama. Hamtuoni kwa sababu mnatangaza Insta saa nne usiku usaili kesho saa mbili asubuhi Sinza. Saa kumi alfajiri mi niko jikoni na vitumbua, nikimaliza kuuza ni saa nne, sa hapo mshachagua binti mkampaka unga kichwani awe bibi.

Na tukifika mnatupa nini? Mchawi au mama mkwe mkorofi. Kuna prodyuza aliniita, nikakaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka magharibi, skripti sijapewa, maji sijapewa, mwisho anatoka kijana ananitazama juu mpaka chini anasema "mama una sura nzuri ya uchawi". Nikachukua daladala nikarudi zangu. Hata simu ya kuniambia sikupata hiyo nafasi hawakupiga.

Kwa hiyo mwanangu kama upo siriazi, skripti itume siku kadhaa kabla, na kama mama hasomi vizuri kaa naye msomee, si aibu. Sema posho ni shilingi ngapi kwenye tangazo lenyewe, usisubiri mtu afike. Usaili fanya mchana, mahali pa wazi, na ndani awepo mwanamke mwenzetu toka mwanzo hadi mwisho. Mnajua wenyewe kwa nini. Rushwa ya ngono kwenye hii kazi imewatoa mabinti wengi wazuri, na ni kosa la jinai, lipo kwenye sheria ya rushwa ya 2007, siyo mambo ya kumalizana kifamilia.

Dogo Mjanja

Mkuu usipotezwe na hawa, chukua staa. Bila sura inayojulikana nani ataibonyeza YouTube? Hata mdhamini ukimpelekea jina anafungua pochi.

Mvita Asili

Dogo, filamu ya dakika 12 ya mama na karai la samaki, mdhamini yupi huyo? Waamuzi wa tamasha hawahesabu folowaz. Staa atakupa nusu siku, atafika na mtu wake wa mekapu, na hatokubali kunuka samaki.

Mie niko Mombasa. Huku kuna vikundi vinavyozunguka shule kuigiza vitabu vya fasihi vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hao mistari wanashika hata ukiwaamsha usiku wa manane. Shida yao sauti, wamezoea kupiga kelele ifike kwa mtoto wa safu ya nyuma ukumbini, ukimuekea kamera karibu na uso yuaonekana kama agombana nawe. Dawa yake mkalishe mezani umpe chai, aseme maneno yale yale kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Wengi washuka. Asiyeshuka mwache jukwaani, ndiko kwake.

Kuhusu muuza samaki wa kweli, angalia. Tulimchukua mvuvi Likoni, hajawahi kuigiza. Siku ya kwanza wallahi dhahabu, vile ashika kamba, vile aitazama bahari, huwezi kumfunza mtu. Siku ya pili yuaja amenyoa ndevu zote na shati jipya la Idd, kwani asikia picha zaenda Ulaya! Na sini yenyewe ilikuwa mwendelezo wa ile ya jana. Tukampiga picha kwa mgongo siku nzima. Kwa hivyo ukimchukua mtu wa aina hiyo sini zake zote zimalize siku moja ukiweza, na mwambie waziwazi asibadilishe kitu, hata kanga.

Mwl Tabora

Naona mtoto mmemsahau kabisa. Mjukuu wa miaka 9 usimpe mistari akariri, atakuimbia kama shairi la darasa la tatu. Mweleze kinachotokea aseme kwa maneno yake. Usaili wake ufanye pamoja na huyo mama, hata wacheze bao, uone kama wanaweza kukaa kimya pamoja bila mtoto kukuangalia wewe. Mzazi awepo muda wote na asaini. Na hilo karai, mafuta yawe ya baridi kwenye kila shoti ambayo mtoto yupo, moshi na sauti ya kukaanga utaweka wakati wa kuhariri. Kibali cha Bodi ya Filamu usikiache dakika za mwisho.

Halafu hilo la kumchukua mama wa Feri mwenyewe, fikiria na siku ya baadaye. Italia mwaka 1948 mwongozaji De Sica alimchukua fundi wa kiwandani, Lamberto Maggiorani, akawa muhusika mkuu, filamu ikasifiwa dunia nzima. Jamaa akarudi kiwandani, baadaye akapunguzwa kazi, ikidhaniwa kwamba keshatajirika. Huyo mama atabaki pale pale mezani kwake na majirani wanaoamini kapewa mamilioni. Mkataba wa ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, siku ngapi, shilingi ngapi, itaonyeshwa wapi, ikiingiza hela anapata nini.

Kijana wa Kivukoni

Asanteni sana, nimenakili kila kitu. Bagamoyo naenda wiki ijayo. Feri nitaenda kula tu kwanza, kamera naiacha nyumbani. @MamaVitumbua shikamoo mama, usaili wa pili nafanya Mbagala saa sita mchana, dada yangu atakuwepo ndani, tarehe na posho naweka hapa hapa. Skripti nakutumia PM leo.

MamaVitumbua

Marahaba. Tuma, nitaisoma. Posho ikiwa ya maneno siji.

Mvita Asili

Na dalali umempata ama bado?

Kijana wa Kivukoni

Dalali ninaye, na hakuja hata kufanya usaili. Ni konda wa daladala za Gongo la Mboto, alimsindikiza dada yake, nikamuomba asome mistari ya dalali ili dada apate mtu wa kujibizana naye. Dada kalia weee, jamaa kasimama tu anahesabu noti, hata hajapandisha sauti, chumba kizima kimya. Dada kanuna mpaka leo.