Dogo anaingia fomu wani Januari, Kiingereza hakuna kabisa, nifanyeje?

dada_uyole
Habari za jioni wadau. Mdogo wangu kamaliza la saba shule ya serikali huku Uyole, nikimpa kitabu cha Kiingereza ananitolea macho tu. Jirani kuna tyusheni ya pri fomu wani, nimechungulia madaftari ya watoto nikakuta wameandikishwa orodha ya maneno wakariri, basi. Hela yenyewe ya kuungaunga. Nilipie au?

ticha_mafinga
Dada, kabla hujatoa hela mpe kitabu chochote cha Kiswahili asome kwa sauti, kisha mfunikie akusimulie. Nafundisha fomu wani, wengi ninaowapokea shida wala sio Kiingereza, mtoto anaunga silabi mpaka akifika mwisho wa sentensi mwanzo kashausahau, sasa huyo ukimbebesha na lugha nyingine unamwonea tu. Kama Kiswahili anatiririka, anzeni na kitabu cha Kiingereza cha la tatu, sio cha fomu wani. Vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Ukurasa mmoja kwa siku, kwa sauti.

mzee_wa_kiepe
Tunawatesa watoto, miaka saba Kiswahili halafu ghafla fizikia kwa Kiingereza. Ingekuwa Kiswahili mpaka chuo.

parachichi_tukuyu
Mkuu nakubali ila Januari haisubiri sera. Na sio mambo ya mtihani tu. Kijana wangu wa shamba, la saba kamaliza, juzi kapuliza dawa kwenye parachichi zinazokaribia kuvunwa, chupa ina mkanda wa njano wa kuonya sumu chini kabisa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa ila zote Kiingereza, yeye kaangalia picha ya mdudu akaona inatosha. Wanunuzi wa nje wakipima wakakuta mabaki ya dawa mzigo wote unakataliwa, hapo nani atanilipa?

dada_uyole
Duh pole kaka. Ticha ndaga sana, yaani asante, nimemjaribu sasa hivi, Kiswahili yuko vizuri ila kwenye mkato hapumziki, anaenda kama daladala za Noah za Mbalizi 😂. Sasa matamshi yangu mabovu, si ntamharibu?

ticha_mafinga
Humharibu. Neno likiwashinda, kamusi za kwenye simu zina kialama cha spika, bonyezeni msikie wote wawili. Tyusheni ya kukariri achana nayo, hiyo hela nunua daftari kubwa, kila akimaliza ukurasa aandike sentensi zake mwenyewe mbili tatu, hata zikiwa mbovu usimkatishe.