Mjadala: Marobota ya mitumba yawe dhamana ya mkopo, au tubaki na hati ya kiwanja?

Mleta mada, Moshi:
Wakuu, mfanyabiashara wa Kiborloni ana marobota ya mitumba, tena anawadai wateja kuanzia Himo hadi Rombo. Akienda kukopa anaulizwa hati. Aitoe wapi, na kihamba, yaani shamba la urithi, ni cha ukoo? Wakenya tangu 2017 wana sheria ya dhamana za mali zinazohamishika. Bidhaa, mifugo, mashine, hata madeni unayodai, vyote vinawekwa dhamana na wewe unaendelea kuvitumia. Mkopeshaji anaandikisha haki yake kwenye daftari la mtandaoni, nasi Watanzania tumeng'ang'ania ardhi tu. Naunga mkono tuige.

Mkopeshaji Mstaafu:
Kijana, umewahi kukimbizana na pikipiki iliyokwisha vuka Tarakea? Kiwanja hakitoroki. Na kama ni pikipiki, nashika kadi yake ya usajili, yatosha.

Mleta mada:
Haitoshi, mzee wangu, shikamoo. Mtu anakuachia kadi, anaenda polisi kusema imepotea, anapata nyingine na kukopa kwingine. Mkigombania pikipiki, nani wa kwanza? Penye daftari, aliyetangulia kuandikisha ndiye hutangulia kulipwa, na wa pili angepekua daftari hilo kabla ya kutoa hela yake. Mteja aliyenunua koti sokoni kwa biashara ya kawaida habebi deni la muuzaji.

Mama wa Majengo:
Mnawapigania wakopeshaji tu! Nyumba ina ulinzi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji anahesabiwa kakosea hadi athibitishe vinginevyo. Cherehani yangu nani ataitetea mnadani? Hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa, wanabeba friji alfajiri bila daftari lolote. Mkiwapa daftari je?

Mleta mada:
Hapo umenibana, mama. Vyombo vya ndani visiguswe kabisa. Cherehani ya kazi ni mali ya biashara, ila iwe na notisi ya maandishi kwanza, siku 60 kama ilivyo kwa ardhi.

Mkopeshaji Mstaafu:
Siku 60 kwa marobota? Nikifika nitakuta kamba za kufungia. Siku saba, na mwenye mali awepo mnadani.

Mama wa Majengo:
Saba hazinitoshi hata kumpata mnunuzi wangu mwenyewe. Tuanzie thelathini.