Naomba ushauri: Coaster ya dizeli nifunge gesi au niuze?

Wakuu habari zenu. Nina Coaster inapiga ruti Bunju–Makumbusho, dizeli inameza hesabu yote. Nafikiria kufunga gesi asilia, hii yetu ya Songosongo na Mtwara. Fundi mmoja anasema injini ya dizeli haina plagi za kuwashia gesi, hivyo itachoma gesi na dizeli kwa pamoja. Mwingine ananiambia niuze, ninunue Hiace ya petroli, kufunga ni rahisi zaidi.

Kinachonitia shaka ni foleni ya kujaza (bajaji zimejipanga mpaka barabarani!) na mitungi: ikae chini ya bodi au nitoe siti za nyuma? Wenye daladala za gesi, mkijaza mnapiga tripu ngapi? Gari la umeme msinitajie, mtaji huo sina.