Naomba ushauri: mamajusi waingie horini au nyumbani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandaa igizo la Krismasi la watoto wa shule ya Jumapili. Wazee wa kanisa wanataka mamajusi watatu, wale wataalamu wa nyota wa mashariki waliomletea mtoto Yesu zawadi, wapige magoti horini pamoja na wachungaji wa kondoo, kama miaka yote. Lakini Luka 2 inawaleta horini wachungaji tu. Mathayo 2:11 inasema mamajusi waliingia nyumbani, na idadi yao haitajwi; zawadi ndizo tatu.

Nilijaribu kuyafanya maonyesho mawili, igizo likarefuka mno, wadogo wakaanza kuvuana ndevu za pamba. Nami nataka watoto waone habari njema ikianzia kwa wachunga kondoo wa zamu ya usiku. Mamajusi wakiingia na mataji yao, wachungaji wanamezwa.

Je, niwaondoe mamajusi kabisa, au kuna njia fupi ya kuyatenganisha? Na wazee niwaelezeje bila kuonekana mjuaji?