Tupeane uzoefu: mnaogeuza mitumba kuwa nguo mpya huku Nyanda za Juu Kusini

Habari za jioni wakuu. Pale soko la Sido Mwanjelwa, Mbeya, belo la mitumba likifunguliwa, kila mtu anagombania saizi yake. Mimi sigombani. Nangoja vumbi litulie, nachukua yale mashati ya XXL ambayo hayamkai mtu, na bei inakuwa imeshaporomoka. Nanunua kitambaa, habari ya saizi hainihusu.

Shati pana la kiume, la pamba, linatoa gauni la mtoto. Siri ni kutofumua kilichokwisha kushonwa vizuri. Mstari wa vifungo nauacha ulivyo, unageuka kuwa mgongo wa gauni. Pindo la chini linabaki pindo. Nakata juu tu: shingo na makwapa, napitisha lastiki, basi. Cherehani yangu ya miguu inakwenda mshono mnyoofu peke yake, kwa hiyo kutengeneza matundu ya vifungo ni adhabu. Hapo nimeikwepa.

Wewe unageuza nini?

Mama wa Njombe
Kamwene. Huku Juni na Julai gauni la pamba peke yake utamuua mtoto kwa baridi. Mimi ni masweta ya sufu halisi, yale ya manyoya ya kondoo. Nayafua makusudi kwa maji ya moto na sabuni, nayasugua mpaka yasinyae, yanakuwa mazito kama blanketi. Ukilikata halifumuki hata bila ovaloki. Natoa vizibao na kofia. Lakini akriliki, ule uzi wa kiwandani unaofanana na sufu, haisinyai hivyo, utachosha mikono bure. Kama lebo imetoka, chomoa uzi uuchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Fundi Uyole
Wateja wengi mnaleta koti ligeuzwe mkitaka bei ya kupunguza suruali. Kufumua tu kunakula muda kuliko kushona kitambaa kipya! Haya, kwa wanaojishonea: nguo ya jinzi wekea sindano namba 16, hiyo namba 11 itakatika. Pale mishono inapokutana ikawa minene, gonga kwa nyundo kwanza, mguu wa cherehani utapita. Tisheti zinataka sindano ya ncha butu, ya kawaida inaruka mishono.

Wa Kihesa, Iringa
Mapazia jamani, mnayaacha kwa nini? Kitambaa kipana, sketi ya nusu duara inatoka bila kiungo. Nashona kwa mkono, chumba cha kupanga hakina nafasi ya cherehani. Kabla ya kulipa livute kwa vidole ule upande uliopauka. Pazia lililokaa dirishani miaka linaoza kwa jua, linachanika hivi hivi.

Mdau Mafinga
Naomba kupinga kidogo. Gauni la mtoto la mtumba lipo hapo hapo kwenye meza ya pili. Uzi, lastiki, jioni nzima umeinama, halafu umeokoa nini?

Mwanzisha mada
Mkuu, kwa nguo za kushindia nyumbani uko sahihi, nunua tu iliyo tayari. Ila jaribu kutafuta mtumbani sare ya shule yenye rangi ile ile wanayoitaka walimu, saizi ya mwanao. Hupati. Suruali kubwa ya kitambaa, kaki au bluu iliyoiva, inatoa kaptula, na mifuko unaihamisha nzima nzima. Na ukiwa na mabinti wawili wanaotaka kufanana Krismasi, shati moja la XXL na shuka la rangi hiyo hiyo vinamaliza ugomvi.

Mdau Mafinga
Hapo kwenye sare umenipata. Kiuno unakipunguzaje bila kung'oa zipu?

Fundi Uyole
Zipu usiiguse. Fumua mshono wa nyuma, kata mkanda katikati hapo nyuma, punguza, unganisha. Mapaja na miguu ingizia pembeni. Piga pasi kabla ya kushona, siyo baada tu.